Semmelweis: Tabibu Aliyewataka Wenzake Kunawa Mikono

Wako watu ambao majina yao ni mazito katika ndimi zetu za pwani, lakini wema wao umeingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi. Mmoja wao ni tabibu Ignaz Philipp Semmelweis, mzaliwa wa Hungaria, aliyekuja duniani mwaka 1818 akaiaga mwaka 1865, umri wake miaka 47 tu. Kila mama anayejifungua hospitalini akarudi nyumbani na mwanawe mikononi, na kila mgonjwa anayetiwa mrija mshipani kisha akatoka wadini bila ya damu yake kuingia sumu, ana deni kwa mtu huyu, ajue asijue.

Nimeyachagua maisha yake kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo alilolivumbua ni jepesi, hata mtoto wa chuo aweza kulielewa. Ya pili ni kwamba yaliyompata kwa kulisema jambo hilo yana mafunzo kwetu sisi tunaopita katika milango ya hospitali, ama kwa kutibiwa, ama kwa kutibu, ama kwa kumtazama mgonjwa.

MWANA WA MUUZA VIUNGO

Semmelweis alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 katika mtaa wa Tabán, mji wa Buda, kando ya mto Danube. Siku hizo Buda na Pest ilikuwa miji miwili iliyotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, kama vile kisiwa cha Mombasa kinavyotazamana na Likoni. Haikuunganishwa kuwa mji mmoja wa Budapest mpaka mwaka 1873. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula na viungo, mtu mwenye nafasi yake, na Ignaz alikuwa mtoto wa tano katika watoto kumi.

Mwaka 1837 alipelekwa Vienna, mji mkuu wa dola ya Austria iliyoitawala Hungaria wakati huo, ili asomee sheria. Hakukaa nayo sana. Mwaka uliofuata aliiacha sheria akashika utabibu, na mwaka 1844 akahitimu. Tarehe 1 Julai 1846, siku aliyotimiza miaka 28, aliingia kazini kama msaidizi wa Profesa Johann Klein katika wadi ya uzazi ya Hospitali Kuu ya Vienna.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1784 na ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa za Ulaya. Wanawake maskini walizaa humo bila ya malipo, na badala yake walikubali kutumiwa katika kufundishia wanagenzi. Kwa wingi wao, uzazi uligawanywa katika wadi mbili. Wadi ya Kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wa udaktari. Wadi ya Pili ilikuwa ya wakunga na wanafunzi wa ukunga. Wanawake hawakuchagua pa kuingia: siku hii waliofika walipelekwa Wadi ya Kwanza, siku ya pili waliofika walipelekwa Wadi ya Pili, na zamu ikaenda hivyo hivyo.

Basi hapo ndipo palipokuwa na kitendawili. Katika mwaka 1846 walizaa wanawake 4010 katika Wadi ya Kwanza, na 459 kati yao wakafa. Mwaka huo huo walizaa wanawake 3754 katika Wadi ya Pili, na waliokufa ni 105. Yaani kwa madaktari wenye elimu kubwa walikufa zaidi ya 11 katika kila 100, na kwa wakunga hawakufika hata watatu. Jambo hili halikuwa siri. Mji mzima ulijua. Wanawake waliofika siku ya Wadi ya Kwanza walikuwa wakipiga magoti na kulia waachwe warudi. Wengine walizaa njiani kabla ya kufika, na ajabu ya maajabu, hao waliozaa njiani vumbini walisalimika zaidi kuliko waliozalishwa na madaktari juu ya vitanda.

HOMA YA UZAZI

Kilichowaua ni homa ya uzazi. Hata huku kwetu ugonjwa huu si mgeni. Nilipokuwa mdogo nilizoea kuwasikia wanawake watu wazima wakisema kwamba mja mzito mguu mmoja uko duniani na mwingine kaburini, na kwamba hofu haiishi siku ya kuzaa bali hukaa mpaka siku arubaini zitimie. Walikuwa wakisema waliyoyaona. Mwanamke huzaa vizuri, watu wakapongezana, kisha siku ya pili au ya tatu akashikwa na baridi ya kutetemeka, mwili ukawaka moto, tumbo likavimba na kuuma asiweze kuguswa, akili ikamruka, na kabla ya juma kwisha watu wakawa wanachimba kaburi.

Leo twajua sababu. Tumbo la uzazi la mwanamke aliyezaa sasa hivi huwa kama kidonda kikubwa kilicho wazi. Vijidudu vikiingizwa humo huzaana, hupenya katika mishipa na kuenea mwilini kwa njia ya damu. Lakini katika mwaka 1846 hapakuwa na aliyejua kwamba vijidudu huleta maradhi ya namna hiyo. Mabingwa wa Ulaya walisema ni hewa mbaya, au ni nyota na majira, au ni hofu ya mwanamke mwenyewe.

Semmelweis hakuridhika. Alizishika sababu hizo akazipima moja moja, kama mwenye duka anayehesabu mifuko yake. Ikiwa ni hewa, mbona wadi hizi mbili zapakana na hewa yao ni moja? Ikiwa ni msongamano, mbona Wadi ya Pili ndiyo iliyosongamana zaidi, kwa kuwa kila mtu aliikimbilia? Chakula kilikuwa kimoja. Aliwabadilisha wanawake namna ya kulala wakati wa kuzaa, wakalazwa ubavu kama walivyofanya wakunga, na mauti hayakupungua. Watu walisema labda ni hofu ya padri, ambaye kila alipokwenda kumwombea anayekata roho alipita katikati ya Wadi ya Kwanza akitanguliwa na mtu anayepiga kengele. Semmelweis alimwomba padri apite njia nyingine bila ya kengele, naye akakubali. Mauti hayakupungua.

KISU KILICHOMJERUHI RAFIKI

Mnamo mwezi wa Machi 1847 alikwenda Venice kupumzika pamoja na marafiki. Aliporudi tarehe 20 alikuta msiba. Rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, bingwa wa kuchunguza maiti, alikuwa ameshazikwa. Siku moja alipokuwa akifundisha kupasua maiti, mwanafunzi alimchoma kidole kwa kisu bahati mbaya. Mkono ulivimba, homa ikapanda, sumu ikamwenea mwilini, akafa.

Semmelweis alisoma taarifa ya uchunguzi wa maiti ya rafiki yake, na alivyosoma aliona ni yale yale aliyozoea kuyaona katika maiti za akina mama wa Wadi ya Kwanza: usaha ule ule, uvimbe ule ule. Kolletschka alikuwa mwanamume, hakuzaa, wala hakuipita kengele ya padri. Kilichomuua ni kisu kilichobeba uchafu wa maiti mpaka ndani ya damu yake. Je, ni kisu gani kilichobeba uchafu huo mpaka kwa akina mama?

Jawabu lilikuwa chungu. Madaktari na wanafunzi wa Wadi ya Kwanza walikuwa wakianza siku yao katika chumba cha maiti, wakipasua wanawake waliokufa jana ili wajifunze sababu ya vifo vyao. Kisha walinawa kwa sabuni, wakafuta mikono, wakaenda wadini kuwapima walio hai. Mikono ilionekana safi lakini harufu ya maiti haikutoka. Wakunga wa Wadi ya Pili hawakuwa na kazi katika chumba cha maiti. Kisu kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa ni mkono wa tabibu. Wahenga wetu walisema kweli kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi mtu huyu. Alirudi nyuma akatazama hesabu. Kuanzia Oktoba 1846 nafasi yake ilikuwa imeshikwa na daktari mwingine, na katika miezi hiyo vifo vilipungua hata mwezi wa Februari 1847 hawakufika wawili katika 100. Yeye aliporudi kazini, mwezi wa Aprili walikufa 57 katika 312, yaani zaidi ya 18 katika 100. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na bidii kupita wote katika kupasua maiti kila asubuhi, akitafuta jinsi ya kuwaokoa wanawake hao hao. Hakuificha hesabu hiyo. Aliiandika katika kitabu chake na kukiri kwamba idadi ya waliokwenda kaburini kwa mikono yake aijuaye ni Mungu peke yake.

BAKULI LA KLORINI

Katikati ya mwezi wa Mei 1847 alitoa amri. Kila anayeingia wadini baada ya kutoka chumba cha maiti lazima aoshe mikono kwa maji ya klorini, asugue mpaka chini ya kucha, mpaka harufu iishe. Baadaye alitumia chokaa ya klorini, kwa kuwa bei yake ni rahisi zaidi. Ni ya ukoo mmoja na ile dawa tunayotia katika maji ya kufulia kanzu nyeupe.

Sisi tuliosoma fiqhi ya Kishafii tutaona kwamba kipimo chake si kigeni kwetu. Twafundishwa tangu utotoni kwamba najisi haikuondoka madhali rangi, ladha au harufu yake imebaki ilhali yaweza kuondolewa. Semmelweis, bila ya kujua habari za fiqhi, aliishika harufu kuwa ndiyo dalili kwamba kitu kingali kimebaki mkononi. Lakini tusijidanganye tukadhani kwamba udhu watutosha hospitalini. Vijidudu havina harufu wala rangi tunayoiona, na mkono ulio tohara kwa sala waweza kuwa umebeba kitu cha kumdhuru mgonjwa.

Matokeo yalikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Mwezi wa Juni walizaa 268, wakafa 6. Mwezi wa Julai walizaa 250, wakafa 3. Katika mwaka mzima wa 1848 walizaa wanawake 3556 katika Wadi ya Kwanza na waliokufa ni 45. Wadi iliyoitwa nyumba ya mauti ikawa sawasawa na wadi ya wakunga. Katika miezi miwili ya mwaka huo, Machi na Agosti, hakufa hata mmoja.

Lakini somo lilikuwa halijaisha. Mwezi wa Oktoba 1847 alilazwa mwanamke mwenye saratani ya tumbo la uzazi inayotoa majimaji, naye akawekwa kitanda cha kwanza. Madaktari walikuwa wakinawa klorini mlangoni, wakampima yeye kwanza, kisha wakaendelea kwa wengine kwa kunawa sabuni tu. Wanawake 12 waliozaa wakati huo, 11 wakafa. Semmelweis akafahamu kwamba sumu haitoki kwa maiti pekee, hata kwa mgonjwa aliye hai hutoka. Amri ikabadilika: mikono ioshwe kwa klorini baina ya mgonjwa na mgonjwa, na mwenye kidonda kinachotoa usaha atengwe. Amri hiyo, wasomaji, ndiyo inayofuatwa hospitalini mpaka leo.

UKWELI ULIOGUSA HESHIMA

Mtu angedhani kwamba Vienna nzima ingempigia vigelegele. Haikuwa hivyo. Walikuwako waliomuunga mkono, nao ni watu wakubwa: Ferdinand von Hebra, Josef Škoda na Karl von Rokitansky. Hebra ndiye aliyechapisha habari za uvumbuzi huo mwishoni mwa 1847 na tena mwaka 1848. Lakini Profesa Klein, mkubwa wake wa kazi, hakukubali, na wengi wa mabingwa wa uzazi wa Ulaya hawakukubali.

Tusiwafanye wote kuwa wajinga. Wengine walitaka kuona hicho kitu kilichobaki mkononi, na Semmelweis hakuwa na cha kuwaonyesha, kwa sababu viini vya homa hiyo vilikuwa havijatambulikana. Lakini nyuma ya hoja za elimu palikuwa na jambo zito zaidi. Kumkubali Semmelweis kulikuwa ni kukiri kwamba miaka yote hiyo wao ndio waliokuwa wakiua. Tabibu aliyejiona mtu wa heshima, mwenye joho na cheo, ataambiwaje na kijana msaidizi kwamba mkono wake ni mchafu?

Na Semmelweis naye alikuwa na upungufu wake. Hakupenda kuandika. Alichelewa miaka 14 kabla ya kutoa kitabu. Aliwaachia marafiki wamsemee, na kwa hiyo wengi walifikiwa na habari nusu nusu, wakadhani anasema juu ya maiti tu. Siasa nazo zilichangia. Mwaka 1848 palizuka mapinduzi Vienna na Hungaria, na Mhungaria katika ofisi ya Klein hakutazamwa kwa jicho jema. Mwezi wa Machi 1849 kazi yake ilikwisha na Klein akakataa kumwongezea muda. Alipoomba ruhusa ya kufundisha, aliipata mwezi wa Oktoba 1850 kwa sharti kwamba afundishe kwa sanamu ya mwanamke, asiguse mgonjwa wala maiti. Ilikuwa tusi. Siku chache baadaye aliondoka Vienna, hata rafiki zake hakuwaaga.

KURUDI KWAO

Huko Pest, kuanzia Mei 1851, alishika wadi ya uzazi ya hospitali ya Mtakatifu Rochus, kazi ya heshima isiyokuwa na mshahara. Hadi mwaka 1855 walizaa humo wanawake 933 na waliokufa kwa homa ya uzazi ni 8, hata mmoja katika 100 hawakufika. Mwaka 1855 akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Pest. Huko aligundua kwamba hata mikono ikioshwa, mashuka yaliyorudi kutoka kwa dobi yakiwa na madoa ya damu na usaha huleta homa ile ile, akagombana na wakubwa wa fedha mpaka mashuka safi yakapatikana. Mwaka 1857 alimwoa Mária Weidenhofer, binti mdogo kwake kwa miaka 19, wakapata watoto watano, na wawili kati yao walifariki wangali wachanga.

Mwaka 1861 kitabu chake kikatoka hatimaye, kikubwa, kirefu, kimejaa hesabu na magomvi. Hakikupokewa vizuri. Hata Rudolf Virchow wa Berlin, mmoja wa mabingwa wakubwa wa zama hizo, hakukubaliana naye. Hapo subira ilimwisha. Aliandika barua za wazi kwa maprofesa wa uzazi, akiwataja kwa majina na kuwaita wauaji. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hasira haikumfungulia mlango. Mtu anayetukanwa husikia tusi, hoja haisikii.

Katika mwaka 1865 akili yake ilibadilika. Alisahau, aliropoka, tabia zake zikawatisha mkewe na rafiki zake. Mwishoni mwa Julai alipelekwa Vienna, na Hebra, rafiki yake wa tangu zamani, akamchukua kwa kisingizio cha kumwonyesha hospitali mpya. Kumbe ilikuwa hospitali ya wenda wazimu. Alipotaka kutoka, walinzi walimkamata, wakampiga, wakamfunga na kumtia katika chumba cha giza. Tarehe 13 Agosti 1865, baada ya majuma mawili, akafa. Maiti yake ilichunguzwa katika Hospitali Kuu ile ile aliyoifanyia kazi, nayo ilionekana kwamba jeraha la kidole cha mkono wa kulia lilioza na sumu yake ikaingia katika damu. Aliuawa na ugonjwa ule ule aliopigana nao maisha yake yote. Mazishini hawakuhudhuria ila watu wachache.

Siku moja kabla ya kifo chake, tarehe 12 Agosti 1865, katika mji wa Glasgow huko Scotland, daktari Joseph Lister alifunika kidonda cha mtoto wa miaka 11, aliyevunjwa mguu na gari la kukokotwa, kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kaboliki. Kidonda kilipona bila ya kuoza. Lister hakuitoa fikra hiyo kwa Semmelweis. Aliitoa katika kazi za Louis Pasteur wa Ufaransa. Naye Pasteur, mwaka 1879 mjini Paris, alisimama mbele ya mabingwa akachora ubaoni viini vya homa ya uzazi, vilivyopangana kama shanga. Kile ambacho Semmelweis alitakiwa akionyeshe, kikaonekana. Leo nyumba aliyozaliwa ni makumbusho ya utabibu, mifupa yake imezikwa hapo, na tangu mwaka 1969 chuo kikuu cha utabibu cha Budapest chaitwa kwa jina lake.

YALIYOBAKI KWETU

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya kale na ya Wazungu. Hasha. Sumu ya kuingia katika damu ya mgonjwa aliyelazwa ingaliko, na siku hizi njia zake ni nyingi. Mama anayezaa ni mmoja tu. Yuko mwenye dripu mkononi, mwenye mpira wa mkojo, mtoto njiti anayelishwa kwa mshipa, na mgonjwa mahututi aliyetiwa mrija mrefu katika mshipa mkubwa wa shingo. Kila mrija ni tundu katika ngozi, na ngozi ndiyo boma la mwili.

Wala hatuna haja ya kwenda Vienna kutafuta ushahidi. Huku Kilifi watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa hospitalini kati ya mwaka 2002 na 2009, na habari zao zikachapishwa mwaka 2011. Watoto kama sita katika kila 1000 waliolazwa walipata viini katika damu wakiwa humo hospitalini, yaani hawakuja navyo. Na kati ya waliopatwa, zaidi ya nusu walikufa. Hao ni watoto wetu.

Dawa yake yajulikana. Marekani, katika jimbo la Michigan, daktari Peter Pronovost na wenzake walichukua wadi za wagonjwa mahututi zaidi ya mia moja, wakaziwekea mambo matano ya kufuatwa kila mrija mkubwa unapotiwa: kunawa mikono, kujifunika na kumfunika mgonjwa kwa vitambaa vilivyotakaswa, kusafisha ngozi kwa dawa ya klorheksidini, kuepuka mshipa wa pajani, na kuuondoa mrija mara tu haja yake inapokwisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu, maambukizo hayo yalipungua kwa thuluthi mbili.

Lakini jambo lililonigusa mimi zaidi katika mpango huo ni kwamba wauguzi walipewa ruhusa ya kumsimamisha daktari akiruka hatua hata moja, na wakubwa wa hospitali wakawa nyuma yao. Hicho ndicho Semmelweis alichokosa. Alikuwa na hesabu, alikuwa na bakuli, alikuwa na dawa ya bei rahisi. Hakuwa na desturi inayomruhusu mdogo kumkumbusha mkubwa bila ya mkubwa kuona amevunjiwa heshima. Kunawa kulitegemea amri ya mtu mmoja, na mtu huyo alipoondolewa, amri haikuwa na wa kuitetea.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaotaja nyakati tano za mtumishi wa afya kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili kama kutia mrija, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mahali maji ya bomba yanapokatika, dawa ya spiriti ya kupaka mikononi yafaa ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana.

Na sisi tusio watumishi tuna wajibu wetu. Kumtazama mgonjwa ni sunna tunayoipenda, na watu wa pwani hatuendi mmoja mmoja, huenda ukoo mzima. Basi na tunawe tunapoingia na tunapotoka. Tusikae juu ya kitanda cha mgonjwa, tusiushike mrija wake wala kuufungua. Tukiona pale sindano ilipoingia pamekuwa pekundu, pamevimba au panatoa usaha, au mgonjwa ameanza kutetemeka kwa baridi, tumwite muuguzi papo hapo. Na dripu ikikaa siku nyingi bila ya kupitishwa kitu, si vibaya kuuliza kama bado yahitajika.

Najua wengi wetu twaona haya kumwambia daktari anawe mikono. Twaogopa ataudhika, au mgonjwa wetu atatupwa mkono. Lakini ombi hilo laweza kusemwa kwa adabu: samahani daktari, umeshanawa? Daktari mwema hataudhika, na muuguzi mwema atashukuru. Wanawake wa Vienna walilia mlangoni kwa sababu hawakuwa na lingine la kufanya. Sisi tunalo la kusema, na ni maneno matatu tu.